Wiki ya kufungwa

Wiki hii, kwenye michezo, nimefungwa na mtoto wa darasa la sita, nikafungwa na samaki, nikafungwa na wifi yangu, na mwisho nikafungwa na babu yangu mzaa mama, ambaye jicho lake la kushoto halioni vizuri. Naandika hasira zikiwa bado za moto. Zikipoa nitaanza kutafuta visingizio.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mchana ni sare za shule na madera, usiku ni gemu. Mume wangu alishazoea. Wateja ndio hawajazoea, hasa yule aliyekuja kuchukua gauni la harusi akanikuta nimeshika pedi ya kuchezea gemu na gauni halina mikono.

Jumatatu ilikuwa mpira. Mashine yangu ya gemu, PS4 ya mtumba, siku hizi inanguruma kama pangaboi bovu, kwa hiyo nikaenda banda la gemu la mtaa wa pili, mechi shilingi 500. Banda lenyewe bado limeandikwa "FIFA" ukutani kwa rangi ya kijani, ingawa jina hilo lilishaondoka. Tangu 1993 gemu lilikuwa linaitwa hivyo, mkataba ukaisha, na toka 2023 ni EA Sports FC. Lakini mwite mtoto wa Tanga mkacheze "FC" uone atakavyokutazama.

Basi nikapewa pedi ambayo kijiti chake cha kushoto kimekufa. Unakiachia, na beki wako anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kona, taratibu, kama kasikia mama yake anamwita. Tatizo hili nalijua kwa sababu nimeshalifungua kwenye pedi yangu: ndani kuna kipande kidogo kinachopima kijiti kimelala upande gani, na kwa kusuguliwa kila siku kinachakaa, mpaka kinasoma kidole hata pasipokuwa na kidole. Ukisafisha unapata nafuu ya siku chache. Dawa ni kukibadilisha. Nikamweleza mwenye banda yote hayo, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, wenzio wanashinda na hiyo hiyo."

Yule wa darasa la sita akanipiga 4-1. Na lile moja alijifunga mwenyewe.

Jumanne sikucheza, nilikuwa na sketi 14 za kukunja marinda.

Jumatano umeme ulikatika baada ya magharibi, nikajilaza na simu kulima. Nacheza Stardew Valley, gemu la shamba lililotengenezwa na mtu mmoja tu, Eric Barone, likatoka 2016. Siku nzima ya mle ndani, toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane usiku, ni kama dakika 14 za kwetu. Unapanda, unamwagilia, unalala. Kulima naweza. Kinachonitesa ni kuvua: kuna kijistari cha kijani kinapanda na kushuka, na wewe inabidi umweke samaki ndani yake kwa kugusa kioo, na samaki hataki. Nimezaliwa Tanga, marehemu baba alikuwa anashusha samaki pale mwalo wa Deep Sea, mimi mwenyewe naweza kumpaa samaki changu magamba nimefumba macho. Na samaki wa kwenye simu amenikatia mshipi mara tisa mfululizo. Chaji ikaisha, nikashukuru.

Ijumaa wifi alikuja na keram, ule ubao wa kusukuma kete kwa kidole ziingie kwenye matundu ya pembeni. Sitasema mengi. Poda ilikuwa nyingi mno, kete zinateleza kama ziko kwenye sabuni. Nilimtumbukiza malkia, ile kete nyekundu, vizuri kabisa, nikashindwa kumfunika kwa kutumbukiza kete yangu nyingine, akarudishwa kati ya ubao, wifi akamchukua na kumfunika palepale. Kisha akauliza kama chai bado ipo.

Sasa tuje Jumamosi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Babu anakaa Mabawa, na kila jioni bao lake lipo chini ya mwembe. Kete ni komwe, zimeshikwa miaka mingi mpaka zinang'aa. Huwa anacheza na wazee wenzake, mimi nasubiri wakiondoka kuswali.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kufungwa?"

Tukapanga. Mashimo 32, kete 64, kila mtu 10 ubaoni na 22 mkononi. Nilianza vizuri, wallahi. Tulikuwa bado tunanamua, yaani tunaingiza kete za mkononi, na nyumba yangu, lile shimo maalumu la mbele, ilishafika kete 10. Nikatia kete, nikala tano zake kwa mpigo. Nikazitawanya toka kichwa cha kushoto, shimo la mwisho la mbele upande huo: moja, mbili, tatu, nne, na ya tano ikaangukia nyumbani. Nyumba ikawa na 11.

Hapo sheria inakupa hiari. Unaweza kukoma, au unaweza kusafiri na nyumba yako. Mimi mwenye vidole vya pedi sijui kukoma. Mpira ukiwa mguuni kwangu lazima nikimbie nao. Nikazikomba zote 11, zimejaa kiganja, zinatoa ule mlio mtamu, nikaondoka nazo. Tatu zikaenda mashimo matatu ya mbele yaliyobaki. Nikageuka nyuma: moja, moja, moja, mashimo nane yote. Ya mwisho ikaanguka pembeni kabisa, nyuma kushoto, kwenye shimo tupu. Ikalala, na zamu ikaisha.

Tatu na nane ni 11. Mtoto wa chekechea angejua itakapolala. Mimi siku nzima napima watu kiuno na kifua, inchi hazinipotei, halafu mashimo 11 yamenishinda.

Babu akatazama ubao. Kete zangu zimejazana nyuma kama wageni waliokimbilia jikoni, mbele zimebaki mojamoja, na nyumba ni shimo tupu. Za nyuma haziliwi, ni kweli, lakini mbele pakikauka umekwisha.

"Nani kakutuma safari?" akauliza.

Zamu tatu tu. Akanifunga mkononi, kete nimezishika zinanitoa jasho.

Jumapili nikarudi. Nilimkuta peke yake, anakunywa kahawa, na ubao umeshapangwa, ila si mpango wa kuanza. Nikainama kutazama. Ilikuwa ni mchezo wetu wa jana, pale pale kabla sijasafiri, shimo kwa shimo, nyumba yangu ina 11. Jicho moja, usiku mzima umepita kati, na hakuandika popote.

"Kaa," akasema. "Zamu yako haijaisha."

Nikakaa. Mkono ukanielekea nyumbani wenyewe, kama yule beki wa banda la gemu. Nikaurudisha mapajani. "Nakoma," nikasema, na babu akasogeza kikombe cha kahawa kando, jambo ambalo jana hakulifanya.

Safari hii alinifunga baada ya adhana ya magharibi.