Usiku Gari Linalala Wapi?

Fomu ya kuomba bima ya gari ina swali moja lililomchekesha mke wangu mpaka akaweka kikombe chini: usiku gari huhifadhiwa wapi? Chini yake wameandika majibu ya kuchagua: gereji, ndani ya ua, barabarani. Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, waandikie linalala na sisi."

Kwa msiotujua, mimi ni dereva wa masafa mstaafu, mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Jinja, Uganda, kama wanavyonitania shemeji zangu. Watoto wameshika njia zao, nyumba ya kupanga kule Walukuba tukairudisha kwa mwenyewe, na sasa kwetu ni Coaster, basi dogo lililokuwa likibeba watoto wa shule. Vyuma vya ndani vilichomelewa Katwe, mbao za kitanda na makabati zilitoka Ndeeba, paa lina sola, mtungi wa gesi uko nyuma karibu na mlango. Tunakaa Bunyonyi hadi baridi itufukuze, tunapanda Sipi, au tunateremka Kasese kwa dada yake mke wangu.

Watu huniuliza kuhusu choo. Kuhusu bima haniulizi mtu, na ndiyo iliyonisumbua kuliko choo.

Tuanze na ile ya lazima, thadi pati, yaani bima ya watu wengine unaowaumiza. Sheria yake ni ya 1989 na stika yake kila askari wa barabarani anaitafuta kwanza. Fidia yake ni shilingi za Uganda milioni 1 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, na haizidi milioni 10 kwa ajali nzima. Milioni moja! Aliyewahi kulaza mgonjwa aliyevunjika paja anajua itafika siku ngapi. Tena ni ya miili ya watu tu. Ukirudi nyuma ukaangusha ukuta wa mtu, au ukaigusa Prado ya mheshimiwa, stika hiyo haina la kusema. Mtu anayetembea na nyumba yake yote mgongoni akiwa na thadi pati peke yake, mimi simwelewi.

Kwa hiyo bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe. Hapa ndipo pana utamu wake. Mthamini alikuja, akakagua injini, matairi, bodi, akapiga picha namba ya chesisi, akaandika thamani ya milioni 45. Nikamuuliza, na ndani je? Akachungulia jiko na kitanda kama mtu aliyekosea mlango, akasema, "Mzee, mimi nimetumwa kuthamini basi."

Shida ya jibu hilo ni hesabu. Sema basi ni milioni 45, na kazi ya ndani, yaani makabati, sola, betri, friji, mabomba, imekula milioni 30. Mali yako ni ya 75. Ukiikatia bima ya 45 halafu moto ukaharibu vitu vya milioni 20, kampuni ina haki ya kusema umejikinga kwa asilimia 60 tu, basi nayo inalipa asilimia 60: milioni 12. Hapo bado hawajakata kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ujibebee mwenyewe. Nilimwomba mthamini arudi, nikampa risiti za fundi seremala, za sola, hata za bawaba. Alinung'unika, akaandika orodha ya vitu vilivyofungwa ndani ya gari, kila kimoja na bei yake. Orodha hiyo imebandikwa kwenye mkataba, na kwangu ina thamani kuliko mkataba wenyewe.

Ada ilipanda, bila shaka, na VAT ya asilimia 18 ikaja juu yake.

Halafu logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari. Yetu ilikuwa bado inasema abiria 29. Viti tumebakisha vinne. Kampuni ya bima inahesabu viti ili ijue inabeba roho ngapi, na gari lililoandikwa basi halafu likakutwa na kitanda cha futi sita ni kisingizio kizuri cha kutokulipa. Kubadilisha siku hizi ni kazi ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, si ya mamlaka ya mapato, URA, tena. Gari linakaguliwa, unalipa, unangoja. Nendeni na subira na chakula.

Aliyenifungua macho zaidi ni binti mmoja wakala, mwenye ofisi ndogo hapa Jinja. Nilitaka tuandike "matumizi binafsi" tuondoke. Akaniambia, "Mzee, pole, lakini ukiandika hivyo na mnaishi humo, siku ya moto wataanza kuuliza jiko lilikuwa linafanya nini ndani ya gari." Bima inasimama juu ya kusema ukweli wote kabla ya kusaini; ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao, wanaweza kuuvunja mkataba siku unapouhitaji. Akaniandalia barua: tunaishi ndani mwaka mzima, tunapika kwa gesi, tuna betri ya lithiamu, usiku tunalala kwenye kambi za kulipia au nyumbani kwa ndugu. Kampuni moja ilikataa palepale. Nyingine ilikubali kwa masharti: vizima moto viwili, mtungi ufungwe gari likiwa linatembea, na fundi umeme mwenye leseni atie sahihi kwenye nyaya. Yote hayo mtu mwenye akili angeyafanya bila kuambiwa.

Cherehani ya mke wangu ilikuwa kesi yake. Bima ya gari haitaki kujua vitu vya mkononi, na bima ya vyombo vya nyumbani inataka nyumba yenye kuta zisizotembea. Tulichopata ni ile ya kuorodhesha kitu kimoja kimoja popote kilipo: cherehani, kompyuta, jenereta ndogo. Wizi wake ni mpaka kuwe na dalili ya kuvunja, kwa hiyo mlango ukiachwa wazi, umekwisha.

Kama mnapita Kasese, someni neno mafuriko kwenye mkataba kwa kidole. Mto Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa 2013 na ukarudia 2020. Vivyo hivyo fujo na ghasia, hasa mwaka wa uchaguzi. Mara nyingi hizo ni nyongeza unayoinunua, haziji zenyewe.

Mpakani sina maneno mengi, nimekula chumvi nyingi Malaba na Busia. Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja, ni thadi pati ya kuvukia mipaka, nayo inakufaa Kenya, Rwanda, hata Tanzania ambayo ilijitoa COMESA lakini imebaki kwenye mpango wa kadi. Ila kadi hiyo inalipa uliowaumiza. Gari lako likipinduka ukishavuka Mutukula kuingia Tanzania, hulipwi isipokuwa bima yako kubwa imeongezewa nchi hizo kwa maandishi.

Afya tumekata binafsi, kwani muswada wa bima ya afya ya taifa ulipita Bungeni 2021 na sheria haijapatikana. Tukaongeza uanachama wa ndege za AMREF za kubeba wagonjwa, maana tukifika Kidepo hospitali ni mbali.

Kilichobaki ni dhima, yaani kumlipa mtu aliyeumia kwako. Marekani wanauza bima maalumu ya wanaoishi kwenye gari muda wote, na ndani yake mna kinga kama ya mwenye nyumba: mgeni akijikwaa kwenye ngazi yako au akamwagikiwa na chai gari likiwa limeegeshwa, wanalipa. Hapa nimeuliza hiyo nikapewa bei ya hoteli, kwa sababu bima za dhima walizo nazo kampuni za hapa ni za hoteli na za makandarasi. Nimewaambia mimi nina vikombe sita. Binti yule wakala amesema atarudi kwa hizo kampuni tena, na mimi nimekataa kulipa ya hoteli.