Waliniuliza kuhusu kombe

Video za kufundisha watu intavyu zimejaa mtandaoni, na nyingi zinakuandaa kwa maswali yasiyokuja. Udhaifu wako ni upi, unajiona wapi baada ya miaka mitano. Mimi niliketi mbele ya jopo Malindi, kwenye kituo cha wagonjwa wa kiharusi na uti wa mgongo, na hakuna aliyegusa hayo. Nawaandikia nyie mliomaliza diploma ya fiziotherapia mkataka kuingia upande wa neva badala ya magoti na viuno, maana inboksi yangu imejaa swali moja: walikuuliza nini?

Karatasi nitazipitia haraka. Usajili wa Baraza la Fiziotherapia na leseni ambayo haijaisha muda. Tangu sheria ya 2014 bila hizo humgusi mgonjwa, na zilikaguliwa kabla sijapewa kiti.

Aliyeongoza jopo ni mama wa makamo, naye ni fizio. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, mzee kapata kiharusi jana, upande wa kushoto umelala. Ndugu zake wamekuja na chupa ya kombe, wanataka anywe sasa hivi. Wewe ndiwe uliye kando ya kitanda. Fanya."

Alisema fanya, hakusema eleza. Wasio wa Pwani wajue kwamba kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Nilijibu kwamba mimi sina neno na kombe, nina neno na maji. Kiharusi huweza kulegeza koo, kinywaji kikapita njia ya hewa kikashuka mapafuni, na nimonia ya namna hiyo inaua watu walioponea kiharusi chenyewe. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni kama mzee amepimwa kumeza. Kama bado, hakipiti kitu mdomoni: si kombe, si uji, si tembe ya presha. Ningewasalimu ndugu, niwaombe wampake kombe kichwani na mkononi kwa sasa, la kunywa lingoje nesi amkalishe wima na kumjaribu kwa maji kidogo kidogo, akisikiliza kama anakohoa au sauti inakuwa ya majimaji.

"Na wakikataa?"

"Namwita nesi wa zamu, na siondoki hapo kitandani."

Akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Baadaye mmoja wa wanajopo, bwana mrefu kweli, alilala kwenye kitanda akajifanya amepooza kushoto, nami nimtoe hapo hadi kwenye kiti cha magurudumu. Hapa ndipo wengi hukimbilia kunyanyua. Nilianza na presha, nikafunga breki, nikamvua soksi ili nyayo zishike sakafu. Nikauleta mkono wake wa kushoto mbele, juu ya paja, ambapo anauona. Bega la mtu wa kiharusi limeachwa na misuli yake. Ukimshika kwapani ukavuta, kama ndugu wanavyofanya kwa mapenzi yote, unalitegua taratibu, na maumivu yake yatamsumbua miezi. Nikamsogeza hadi ukingoni, miguu nikairudisha nyuma kidogo ya magoti, nikamwambia ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Mtu akiinama hivyo makalio yanajinyanyua yenyewe, nawe unabaki kuongoza tu. Yule bwana alijilegeza kwa makusudi akaegemea upande mbovu. Nilikuwa nimesimama upande huohuo.

Swali la vitabu lilikuja moja tu la kweli: huyo aliyelazwa jana usiku, leo utamsimamisha mara ngapi? Nikawatajia AVERT, utafiti uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2015, wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 5. Waliotolewa kitandani mapema sana na mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo hawakufanya vizuri kama waliopewa huduma ya kawaida, walipopimwa baada ya miezi 3. Ndiyo, tunamwinua, ila siku ya kwanza iwe kwa muda mfupi na bila fujo. Someni huo. Kariri pia Ashworth, ile skeli ya kupima ukakamavu wa misuli, na Berg, ya kupima mtu anavyojisawazisha asianguke, ukipenda, hazitakudhuru.

Wakanipa mgema aliyeanguka mnazini, uti umevunjika shingoni, ghafla kichwa kinamgonga, uso unatoka jasho, presha imepaa. Hii huku kwetu si hadithi, minazi ipo na watu wanaanguka. Usimlaze! Mkalishe wima, legeza nguo, kisha fuata mpira wa mkojo tangu mwanzo hadi mfukoni utafute ulipojikunja au kuziba, huku umeshamwita daktari. Mara nyingi ni kibofu kilichojaa, na mwili uliokatika mawasiliano hauna njia nyingine ya kulia. Jumla yake ilikuwa kama dakika mbili.

Kisha wakaona kwenye barua yangu kwamba natoka Langoni, mtaa wa Lamu. "Sawa. Mzee wetu ni wa Lamu, tunamruhusu. Mpango?"

Hapo sikunyamaza. Chuoni tunafundishwa mguu mzima utangulie kupanda, mbovu utangulie kushuka, na ngazi za kufanyia mazoezi ni za mbao zenye vyuma pande mbili. Nyumba ya mawe ya Lamu ngazi zake zimesimama, vipandio havilingani, kuna kona yenye giza, na pa kushika ni ukuta. Ukuta uko upande gani? Kama uko kushoto wakati wa kupanda, mzee huyu atapanda bila pa kushika na atashuka akiwa napo, na fundi lazima atie ubao upande wa pili kabla hajafika. Choo kiko ghorofa gani? Ikiwa juu, kitanda kikae juu naye asishuke ovyo. Basi litamfikisha Mokowe, halafu ni boti, na boti lipangwe maji yakijaa, kwa sababu yakipwa vile vipandio vya chini vya jeti vina utelezi hata kwa mwenye miguu miwili mizima. Ndani ya mji hakuna gari la kumfikisha mlangoni. Nikawaambia watafutwe vijana wawili wenye adabu na kiti, na mmoja atangulie kusimamisha punda.

Mazoezi nayo yatoke kwenye maisha yake. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitu chenye maana, na udhu unampa mkono huo kazi mara kadhaa kwa siku bila kumsumbua na mipira ya plastiki. Aanze kuswali kwenye kiti. Lengo la kuandika kwenye faili ni atembee hadi msikiti wa mtaani kwake, avue viatu mwenyewe, aingie.

"Akikuuliza, nitatembea tena?"

Hili nadhani ndilo walilokuwa wakilingoja. Nilisema sitamwambia inshallah nikatoka mlangoni, wala sitamwambia hapana. Nitamwambia nilichokiona: akiweza kukaa bila kushikwa na mguu ukaanza kusukuma katika siku za mwanzo, hizo ni dalili nzuri sana, kama bado, nitamweleza tunachofanyia kazi wiki hii na lini tutapima tena.

Ikaja zamu yangu kuuliza, na swali langu lilikuwa moja: nani atanisimamia? Kazi ya kwanza ya neva bila mkubwa wa kumwita ni kuwaonea wagonjwa. Mama akasema ni yeye, na kwamba miezi ya mwanzo sitabaki wodini peke yangu. Mshahara waliotaja si wa kuringia, na nilijaribu kuongeza kidogo, wakanipa nauli ya boti za mwisho wa mwezi. Nimekubali. Sasa natafuta chumba Shela, ya Malindi si ya kwetu, na mwenye kujua chenye maji ya uhakika aniandikie.