Kosa la 403 kwenye API ya DSpace: ruhusa zipo, tokeni imepitwa na wakati

Kazi ilikuwa kupandisha rekodi kwa wingi kwenye DSpace 7 (programu ya hazina ya kidijitali) kwa skripti ya Python. Maombi ya GET (ya kusoma) yalijibiwa vizuri, kuingia kwa nenosiri kulirudisha 200, lakini POST (ombi la kutuma data) ya kwanza kwenda `/server/api/core/items?owningCollection=...` ilikataliwa kwa 403, yaani "hairuhusiwi". Kwa kuwa njia hiyo huruhusiwa kwa msimamizi tu, macho yote yalikimbilia kwenye ruhusa za akaunti. Hazikuwa na tatizo.

Nilianza kwa kusoma mwili wa jibu badala ya namba peke yake. Uliandikwa "Access is denied. Invalid CSRF token." Tokeni ya CSRF ni ile inayothibitisha kwamba ombi halikutumwa kwa hila na tovuti nyingine, kwa hiyo ujumbe huo unafunga mjadala wa ruhusa. Kama tatizo lingekuwa tokeni ya kuingia kukosekana au kuisha muda, ningeona 401 (hujatambuliwa).

Nikaiweka skripti kando, nikarudia hatua zilezile kwa curl, zana ya kutuma maombi kutoka kwenye terminali:

`curl -i -c kuki.txt https://SEVA/server/api/authn/status`

Jibu lina heda `DSPACE-XSRF-TOKEN` na kuki `DSPACE-XSRF-COOKIE` (XSRF ni jina jingine la CSRF). Kisha kuingia:

`curl -i -b kuki.txt -c kuki.txt -H "X-XSRF-TOKEN: ..." --data-urlencode "user=..." --data-urlencode "password=..." https://SEVA/server/api/authn/login`

(Usitumie `-d` tupu hapa: alama ya + ndani ya nenosiri itafika seva ikiwa nafasi, nawe utalilaumu nenosiri bure.)

Jibu la kuingia ndilo lililofichua jambo. Pamoja na `Authorization: Bearer ...`, ambayo ndiyo tokeni ya kuingia, lilileta `DSPACE-XSRF-TOKEN` nyingine kabisa. Seva hubadilisha tokeni ya CSRF mtu anapoingia, na hulinganisha heda unayotuma na kuki uliyo nayo. Skripti iliweka `X-XSRF-TOKEN` mara moja tu, kabla ya kuingia. Sasa, `requests.Session` (sesheni ya maktaba ya Python ya kutuma maombi) husasisha kuki yenyewe bila kuambiwa, ila heda haiigusi. Kuki mpya, heda ya zamani: 403. GET hazikuguswa kwa sababu hazikaguliwi kwa tokeni hiyo. Kwenye curl unapata kosa hilohilo kwa upande wa pili ukisahau `-c` wakati wa kuingia.

Dawa ni fupi:

`def sasisha(r, *a, **k):`
`    t = r.headers.get("DSPACE-XSRF-TOKEN")`
`    if t: s.headers["X-XSRF-TOKEN"] = t`
`s.hooks["response"].append(sasisha)`

Hapo `s` ni sesheni. Kila jibu linapita kwenye `sasisha`, kwa hiyo hakuna haja ya kukumbuka ni ombi lipi hubadilisha tokeni. Kwa kuwa seva hutoa tokeni mpya hata inapokataa ile mbovu, niliongeza jaribio moja la kurudia baada ya 403 yenye ujumbe ule. Moja tu, likikataliwa tena, hapo ndipo ukakague ruhusa. Ukiendesha nyuzi (threads) kadhaa kwa pamoja, kila uzi uwe na sesheni yake, la sivyo zitanyang'anyana tokeni.

Kwa kazi ndefu kuna jingine: tokeni ya Bearer huisha baada ya dakika 30 usipobadilisha mpangilio wa seva `jwt.login.token.expiration`. Kabla haijaisha, tuma POST kwa `/authn/login` ukiwa na Bearer ileile, bila nenosiri, upewe mpya.