Masikio ya sungura juu ya kichwa cha fisi: kuunganisha GIF kwa gifsicle

Hatimaye kisa cha sungura na fisi kinachezwa mfululizo katika faili moja la GIF, bila alama yoyote inayoonyesha mahali vipande vilipounganishwa. Naandika haya kwa sababu kilichonisumbua hakikuwa amri ya kuunganisha, ambayo ni fupi mno, bali jambo ambalo maelezo mengi ya gifsicle, programu ya kuhariri GIF kwa amri za maandishi, hulipita haraka: kile kinachoachwa kwenye turubai, yaani eneo zima la picha, na fremu (picha moja ya mfululizo) ya mwisho ya kipande kimoja wakati kipande kinachofuata kinaanza.

Kipande cha kwanza kinamwonyesha sungura akiwa ameketi pembezoni mwa shamba la karanga, na mandhari yake yamechorwa hadi ukingoni. Cha pili kinamwonyesha fisi akinusanusa; hicho nilikichora bila mandhari, hivyo kila pikseli isiyokuwa ya fisi ni ya uwazi. Vyote viwili vina upana wa pikseli 480 na kimo cha pikseli 360, na kila kimoja kikichezwa peke yake hakina dosari. Niliandika:

gifsicle --merge sungura.gif fisi.gif > kisa.gif

Fisi alipotokea, alizungukwa na mstatili mtupu, na nje ya mstatili huo shamba la karanga lilibaki vilevile, huku masikio mawili ya sungura yakiwa yamechomoza juu ya kichwa cha fisi. Yalikaa hapo mpaka mzunguko ulipoanza upya. Inaudhi sana kuangalia kosa ambalo halimo katika faili lolote kati ya yale mawili, ila huzaliwa pale tu yanapokutana.

Jibu lilianza kujitokeza nilipoendesha gifsicle --info, inayoorodhesha maelezo ya kila fremu, kwa kila faili. Fremu ya kwanza ya sungura ni 480x360, lakini ya mwisho, ambamo mkia peke yake ndio unaotikisika, ni 64x48 tu, imewekwa kwenye nafasi ya 310,240, na chini yake pameandikwa «disposal asis delay 0.08s». Ni kawaida ya GIF iliyobanwa: fremu huhifadhi sehemu iliyobadilika tu, na zilizobaki huazimwa kutoka fremu zilizotangulia. Agizo la kuondoa fremu (disposal), lililoingizwa katika toleo la GIF89a la mwaka 1989, ndilo linaloamua iwapo fremu ikishaonyeshwa iachwe ilivyo au ifutwe. Kwa sungura, agizo lilikuwa iachwe. Kwa fisi, kila fremu ilikuwa na agizo la kufutwa, lakini kufuta huko huishia kwenye mpaka wa mstatili wa fremu yenyewe, na mistatili ya fisi haikufika kimo cha masikio.

Tiba iliyoonekana wazi ilikuwa kuipa fremu ya mwisho ya sungura agizo la --disposal=background. Matokeo yake yalisikitisha: tundu la pikseli 64 kwa 48 lilifunguka mahali pa mkia, na sehemu nyingine yote ya sungura ikabaki nyuma ya fisi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna agizo la kuondoa litakalosaidia iwapo fremu inayopewa agizo hilo haijaifunika turubai nzima.

Kwa hiyo ilibidi mafaili yafunguliwe kabla ya kuunganishwa, yaani kila fremu irudishwe kuwa picha kamili, kazi ambayo hufanywa na --unoptimize. Sungura alikubali mara moja. Fisi alikataa kwa onyo la «GIF too complex to unoptimize», ambalo kwa bahati njema hutaja na sababu: majedwali ya rangi (orodha za rangi zinazotumika) ya fremu mojamoja, au uwazi uliochangamana. Michoro ya fisi niliikusanya kutoka vikao tofauti vya kuchora, na kila fremu ilikuja na jedwali lake. Onyo lenyewe linashauri faili lipitishwe kwanza kwenye --colors=255, yaani lipunguzwe hadi rangi 255, na idadi hiyo ina maana yake: jedwali la GIF hubeba rangi zisizozidi 256, na nafasi moja inahitajika kwa ajili ya uwazi.

Baada ya hapo mpangilio uliofanya kazi ni huu:

gifsicle --unoptimize sungura.gif > sungura-kamili.gif
gifsicle --colors=255 fisi.gif > fisi-255.gif
gifsicle --unoptimize fisi-255.gif > fisi-kamili.gif
gifsicle --merge sungura-kamili.gif '#0-12' --disposal=background '#13' fisi-kamili.gif > kisa.gif
gifsicle -O3 --loopcount=forever kisa.gif > kisa-mwisho.gif

Mstari wa tano hubana tu faili upya na kulifanya lijirudie; wa nne ndio wenye uzito wote. Sungura ana fremu 14, na hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo #13 ndiyo ya mwisho; sasa ni picha kamili, na agizo la kufuta linaisafisha turubai yote kabla fisi hajaingia. Bila agizo hilo, hata baada ya mafaili kufunguliwa, sungura angeonekana nyuma ya fremu ya kwanza ya fisi kwa muda wa sehemu 8 za mia za sekunde, mmweko mfupi ambao jicho huunasa bila shida.

Katika kuunganisha, gifsicle ilionya pia kwamba rangi zimezidi na kwamba itatumia majedwali ya fremu mojamoja. Onyo hilo nimeliacha lipite. Jedwali kamili lina baiti 768, na kwa fremu 26 nyongeza haifiki kilobaiti 20, ilhali nilipolazimisha jedwali moja kwa vipande vyote, udongo mwekundu wa shamba ulikatika mistari. Kutawanya nukta kwa --dither kuliiondoa mistari hiyo, lakini kulivuruga ubanaji na faili likanenepa.

Najua wapo watakaouliza kwa nini nisitumie ImageMagick, programu nyingine ya picha, ambayo -coalesce yake hufanya karibu kazi ileile. Naiheshimu, ila hushikilia fremu zote kwenye kumbukumbu bila kuzibana, na kompyuta yangu huhema. Nayo ffmpeg, programu ya video, huichukulia GIF kama video, jambo zuri kwa aliyeanza na video. Gifsicle, programu ya Eddie Kohler, hushughulika na fremu, majedwali na maagizo yenyewe, na ndiyo sababu iliweza kunionyesha ile 64x48.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa kuandika maneno chini ya kila tukio, lakini nimeiweka kando. Kwa kuwa fremu za fisi sasa ni kamili na haziazimani chochote, zinaweza kupangwa kwa mfuatano wowote, hata kinyumenyume. Nimejaribu hivi:

gifsicle fisi-kamili.gif '#0-11' '#10-1' > fisi-pumzi.gif

Pua inashuka hadi ardhini, kisha inapanda tena kwa njia ileile, na mbavu zinajaa na kupwaya kana kwamba fisi anavuta harufu ya karanga, bila mimi kuchora fremu mpya hata moja. Faili hilo ndilo litakalochukua nafasi ya fisi-kamili.gif katika mstari wa nne, na kipande kijacho, cha kobe, nitakichora bila mandhari ili kipite njia hiyohiyo.