Maua Yanayofunguka Pamoja na Pasaka

Jumatano ya Juma Kuu, usiku.

Matawi ya forsithia, kichaka cha maua ya manjano, yaliyo mezani bado hayajachanua, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Niliyakata yakiwa na vichipukizi vilivyofumba, nikayatia kwenye jagi la maji ya uvuguvugu. Sasa umanjano umeanza kuchungulia. Joto la ndani huyaharakisha: tawi la namna hii huchanua baada ya wiki moja hadi tatu, na likikatwa karibu na msimu wake, huwahi zaidi.

Kwaresima ndiyo iliyonifanya niupende upambaji huu. Makanisa mengi huiacha altare bila maua kipindi chote kile, kisha kwenye Mkesha wa Pasaka yanarudi kwa wingi. Naona nyumba nayo yafaa ingoje: vijiti vitupu kwanza, kisha vichipukizi, kisha maua yenyewe. Shada lililokwisha kuchanua ni zuri, lakini linaninyima kule kungoja.

Wala sing'ang'anii ua moja. Kwa kalenda ya Magharibi, Pasaka yaweza kuangukia siku yoyote ya Jumapili kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa kuwa hufuata mwezi mpevu. Ikiwahi, dafodili ndizo zinazotamba. Ikichelewa, ni zamu ya tulipu.

Jioni hii nimeshughulika na maganda ya mayai. Yai hutobolewa kwa juu, likamiminwa bakulini, ganda likachemshwa na kukaushwa. Kila moja hukaa kwenye kikombe chake cha yai, na ndani yake maji kidogo na maua yenye shina fupi, vayoleti au primrosi. Weka moja mbele ya kila sahani, na meza ya Pasaka haihitaji pambo jingine. Ganda la kahawia, kwa macho yangu, hulibeba ua vizuri kuliko lililopakwa rangi.

Tulipu nitaziweka dirishani. Hazikomi kukua hata zikishakatwa. Hurefuka chomboni na kuinamia mwanga, hivyo shada la asubuhi silo la jioni. Wapo wanaozifunga ili zisimame wima. Mimi naziacha ziende zitakako, kwa sababu mwendo huo ndio uzuri wake.

Dafodili zina sharti lake. Shina likikatwa hutoa utomvu unaodhuru maua mengine, tulipu hasa. Kesho zitalala kwenye ndoo yake peke yake, na Ijumaa Kuu ndipo nitakapozichanganya na wenzake bila kuzikata tena, maana mkato mpya huleta utomvu mpya. Bakuli la matunda nalo litahamia chumba kingine: matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo hunyausha maua haraka.

Yungiyungi jeupe, ambalo wengi huliona ndilo ua lenyewe la Pasaka, halitaingia humu kwa sababu ya paka. Chavua yake tu, au maji ya chombo chake, yaweza kumharibu figo na kumuua. Tulipu na dafodili nazo zina sumu kwake, hasa matunguu yake ya udongoni, kwa hiyo mlango wa chumba cha maua utafungwa mpaka Jumapili, na wageni wakifika paka atakaa chumbani kwangu.