Hua Wawili

Januari ile nilikuwa nimepoa kiimani, na hakukuwa na baya lolote lililonipata. Krismasi ilipita vizuri: kwaya iliimba, watoto wakaigiza, kanisa likajaa hadi watu wakasimama nje. Jumapili iliyofuata mabenchi yalikuwa wazi, nami nilikuwa yuleyule. Nilitaka zaidi ya hapo, ila sikujua nianzie wapi, nikachukua ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Sura 1,189. Nilijua fika nitakakokwama. Mwanzo husomeka kwa raha, Kutoka ina moto na bahari, halafu unaingia Mambo ya Walawi, na humo ndimo ratiba nyingi huzikwa.

Jioni ya Epifania, tarehe 6, nilibaki kanisani kumsaidia bibi mmoja wa usharika kubomoa pango la Krismasi. Hakuwa na haraka. Kila sanamu aliifuta vumbi kwa kitambaa, akaizungushia gazeti, akaipanga boksini. Mamajusi mmoja alikuwa na mkono uliowahi kuvunjika ukagandishwa, na gundi imeacha mstari wa manjano kiwikoni.

Alipomshika mtoto, akaniuliza, "Haya, mjukuu wangu, baada ya hapa alipelekwa wapi?"

"Misri, bibi."

"Hekaluni kwanza. Soma Luka."

Nikafungua sura ya pili, nikapita wachungaji, nikafika pale Yusufu na Mariamu wanapompeleka mtoto Yerusalemu na kutoa sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Nikataka kuendelea. Akaninyooshea kidole: rudi. Kwa nini hua?

Sikuwa na jibu.

"Walawi 12," akasema, na mimi nikacheka, maana ni kitabu kilekile nilichokuwa nakikwepa.

Sheria imeandikwa pale. Mama aliyejifungua mtoto wa kiume, siku zake 40 zikitimia, alete mwana-kondoo wa sadaka ya kuteketezwa, na njiwa au hua wa sadaka ya dhambi. Asipomudu mwana-kondoo, alete ndege wawili. Nilisoma mstari wa nane mara ya pili, kwa sauti. Mwanamke aliyetokewa na malaika alisimama hekaluni na sadaka ya wasio na uwezo, na Luka hakuona haja ya kueleza. Wasomaji walioijua sheria wangeelewa.

Tukaacha boksi wazi, tukaendelea. Simeoni, aliyengoja miaka asiyotaja mtu ni mingapi, anampakata mtoto na papo hapo anamwambia mama yake habari za upanga utakaoingia nafsini mwake. Ana, mjane mzee asiyetoka hekaluni, anafunga na kuomba usiku na mchana. Hawa hawakuona nyota wala hawakusikia jeshi la mbinguni likiimba. Sijui kwa nini tunawaacha nje ya igizo. Labda kungoja hakuigiziki.

Nikamuuliza bibi kama yeye husikia lolote anapoomba.

"Siku nyingi sisikii kitu," akajibu, akitafuta gazeti lingine. "Naja tu."

Ratiba niliiacha wiki hiyohiyo. Badala yake tukakubaliana kusoma Walawi pamoja kila Alhamisi baada ya ibada, sura zote 27. Zile za ukoma na ukungu wa kwenye kuta zilinilaza, sitaficha; bibi alisoma peke yake hadi nilipozinduka. Sura ya 19 ndiyo tuliyokaa nayo muda mrefu: usivune pembe za shamba lako, mwachie maskini na mgeni, mpende jirani yako kama nafsi yako. Nilikuwa nimeizoea amri hii kutoka Injili, sikuwahi kuikuta nyumbani kwake. Nikaanza kumweleza bibi jinsi nilivyoguswa.

Akafunga kitabu. Kuna mjane mwenzake alikuwa amelazwa, akasema, na muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unakaribia kwisha. Nikabeba mkoba wake.