Bi Harusi

"Baba, yule anaonaje?" Mwanangu alikuwa amemkazia macho kuku wa jirani aliyeingia uani kwetu, shungi limemfunika uso wote. Nikamjibu kwamba haoni sana. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale.

Wa kwetu wa zamani, mwenye shungi kama huyo, aliletwa na mjomba kutoka Singida, ndani ya tenga, kwa basi. Walikuja na matetea wengine ambao sikumbuki hata rangi zao. Huyu alikuwa mweupe, manyoya ya kichwani yamemwagika mpaka mdomoni, na Mama akamwita Bi Harusi kabla hajamtoa kwenye tenga. Uani tulikuwa na jogoo wa kikuchi, mrefu, mwenye roho mbaya, machotara, bukini asiye na mkia, na kishingo mmoja jike, shingo tupu bila manyoya, ambaye, kusema kweli, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mama aliwachanganya usiku wakiwa wamelala, kama wafanyavyo wafugaji. Wakamdonoa, wakachoka, akapewa nafasi ya mwisho kule mlangoni mwa banda, kunakovuja mvua.

Kazi ilikuwa macho. Mama akimwaga pumba, wenzake wanamaliza yeye bado anatafuta sauti imetokea wapi. Mwewe akipita, jogoo anapiga kelele, wote wanajichimbia chini ya mwembe, Bi Harusi amebaki katikati ya uwanja anageuza geuza shingo. Hata chanjo ya mdondo, ugonjwa unaofyeka kuku, ile ya tone moja jichoni, kwake ilitaka watu wawili: mmoja wa kudondosha, mwingine wa kulitafuta jicho.

Jioni moja Mama akaketi kwenye kigoda, akampakata, akachukua uzi mweusi wa kusukia nywele. Akayakusanya manyoya taratibu, akayafunga kwa juu. Ndipo nikayaona macho yale kwa mara ya kwanza: ya rangi ya chungwa, makubwa kuliko nilivyodhani. Kuku akatulia kimya. Akanitazama mimi, akautazama mkono wa Mama, akautazama ukuta. Mama akacheka, akamweka chini.

Uwanja mzima ukanyamaza. Jogoo aliacha kuparua, mguu mmoja hewani. Kishingo akaja mbio kutoka kwenye beseni la maji, shingo ameinyoosha, akamrukia kama anavyomrukia kuku wa watu aliyekosea geti. Machotara wakafuata. Hata bukini, ambaye siku zote alikuwa anamkimbia kila mtu, naye akapata wa kumdonoa. Na Bi Harusi, aliyekuwa sasa anaona kila mdomo unaomjia, hakukimbia. Alijibana ukutani.

Mama akawatawanya kwa kanga, akamshika, akakata uzi kwa meno. Shungi likaanguka usoni. Alipomrudisha chini, kishingo alimsogelea, akamkagua, akarudi zake kunywa maji.

Baadaye bwana mifugo alituambia kuku wanatambuana kwa kichwa: upanga, uso, yale ya juu. Ukibadilisha kichwa, umeleta mgeni. Mama akasema angeambiwa hilo mapema asingeharibu uzi. Tangu hapo akawa anampunguza kwa mkasi, unyoya mmoja leo, mwingine baada ya siku kadhaa, usiku akiwa amelala, ili wenzake wasishtuke. Sina hakika kama ilimsaidia kuona. Kudonolewa hakudonolewa tena, ila pumba aliendelea kuchelewa.

Akaatamia, akatotoa, baadhi ya vifaranga wakatoka na kinundu kidogo kichwani. Kiangazi kilichofuata mdondo ukapita mtaani, na mwaka ule hatukuwa tumerudia chanjo kwa wakati. Kishingo alikwenda, jogoo alikwenda, na yeye pia.

Mama bado ananunua vishungi. Nikimuuliza kwa nini anajitafutia kazi ya mkasi usiku, ananiuliza kama mayai yao niliwahi kuyakataa.